Apolo Kivebulaya, Mwalimu Aliyelima Chakula Chake



Mwezi uliopita, baada ya Misa, kijana mmoja wa mtaa wetu alinisubiri nje ya mlango wa kanisa. Amemaliza chuo cha ualimu, na huu ni mwaka wake wa tatu anafundisha kwa kujitolea huku akingoja ajira. Aliniamkia kwa adabu, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akataka nimweleze jambo moja tu: katika miaka yangu yote ya kushika chaki nilipata nini. Hakuuliza kwa dharau. Mjomba wake ana duka la vipuri vya magari karibu na Kabwe, na amemwambia kwamba nafasi ya kusimama dukani ipo na mshahara upo, ila hatamngoja milele.

Nilimpa majibu ya haraka, ya wito na thawabu, majibu ambayo sisi wazee tunayo mfukoni siku zote kama pipi za kuwanyamazishia watoto. Kisha nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua maharage, na njiani nikaona haya. Kijana aliuliza swali la kweli akapewa pipi. Basi nimeona heri nimjibu hapa, nanyi nyote msome, kwa kueleza maisha ya mtu ambaye habari zake nilizisoma kwanza nikiwa mwanachuo, katika kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, na ambaye sijamsahau tangu hapo. Ni Kanoni Apolo Kivebulaya, ambaye makanisa kadhaa ya Kianglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume aliyetangulia huitwa Waswa, ndilo likawa jina lake. Zama hizo Buganda ilikuwa nchi yenye nguvu, na mfalme wake, Kabaka Mutesa, alikuwa akipokea wageni wa kila namna. Misafara ya biashara kutoka pwani ilileta nguo, bunduki na dini ya Kiislamu, na Waswa naye alifundishwa kwanza dini hiyo. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society, na mwaka 1879 mapadre wa Kikatoliki kutoka Ufaransa. Kijana Waswa alipata kumsikia Alexander Mackay, yule Mskoti fundi aliyefundisha Injili huku mikono yake ikifanya kazi ya chuma na mbao, na ambaye alifariki mwaka 1890 katika nchi yetu hii, huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria.

Lakini mbegu haikuota siku ile ile. Mutesa alikufa mwaka 1884, na baada yake nchi ikapasuka. Kati ya mwaka 1888 na 1892 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana wao kwa wao, na Waswa alikuwa miongoni mwa vijana walioshika silaha. Nawaomba msipite haraka hapa. Mtu huyu hakuanza kama mtoto wa kwaya. Aliona kwa macho yake jinsi upande mmoja ulivyoingia nyumba za upande mwingine, na jinsi vyeo na mashamba vilivyobadilisha wenyewe mara mbili na mara tatu katika miaka minne.

Vita vilipotulia alianza kusoma. Nasema kusoma, kwa maana katika Buganda ya siku zile Mkristo aliitwa msomaji. Kwa kawaida mtu hakubatizwa mpaka ajue kuisoma Injili mwenyewe, akiwa amekaa chini na wenzake wakipokezana karatasi. Mimi kama mwalimu napenda sana jambo hili. Mwezi Januari 1895 Waswa alibatizwa, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachagua jina la Apolo, yule Myahudi wa Aleksandria tunayemsoma katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mtu wa maneno mengi na mazuri. Jina la pili alipewa na watu. Alikuwa akivaa koti jekundu la kijeshi la kizungu pamoja na kanzu yake, nao wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani. Likamshika mpaka kaburini, ingawa maisha yake hayakuwa ya mtu wa koti.

Mwaka ule ule wa ubatizo wake alipelekwa Toro, magharibi ya Uganda, kuwa mwalimu. Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi, na chini yake kazi ya kusomesha watu ilikwenda vizuri. Kama Apolo angetaka kukaa mahali penye kivuli, mahali penyewe palikuwa hapo. Lakini ng'ambo ya bonde la Semliki ilikuwako nchi ndogo iitwayo Mboga, chini ya mtemi Tabaro, ambako walimu wawili wa Kiganda, Petero na Sedulaka, walikuwa wamekwisha kupelekwa na mambo yakawaharibikia.

Kutoka Toro kwenda Mboga mtu aliacha nyanda za baridi, akateremka ukingo mrefu hadi bonde lenye joto, akavuka mto Semliki, kisha akapanda tena, na milima ya Ruwenzori ikibaki upande wake wa kusini. Wale miongoni mwenu waliotembea kwa miguu kutoka Tukuyu mpaka Kyela wanajua magoti yanavyosema katika mteremko wa namna ile, na jinsi nguo za baridi zinavyogeuka kuwa mzigo.

Habari ya Petero na Sedulaka ni hii. Mtemi Tabaro hakuyapenda mafundisho yao, na hakuwapiga kwanza. Aliagiza tu kwamba asiwepo mtu wa kuwapa chakula. Ilitosha. Katika Buganda shamba la ndizi lilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima yake hakushika jembe. Wale ndugu wawili hawakutaka kulima, hawakupewa, na njaa ikawaondoa. Ninajua wahubiri hupenda kuwacheka. Mimi siwacheki. Kwa Wanyakyusa mwanamume kushika jembe si habari, lakini kila kabila lina kazi ambayo mtu akiifanya anaona watu wote wanamtazama, na ni vigumu kuwa na ushujaa wakati tumbo ni tupu na majirani wanacheka.

Apolo alikwenda Mboga mwishoni mwa mwaka 1896, akijua yote hayo. Alipofika alilima. Hakungoja kwanza kuona kama atapewa au atanyimwa. Alilima shamba lake mwenyewe akala jasho lake, na ile silaha ya Tabaro ikawa butu. Nimelifikiri sana jambo hili tangu ujana wangu. Watu humsifu Apolo kwa maono na kwa ujasiri wake msituni, na ni haki. Lakini mimi naona maisha yake yote yaligeukia hapo, alipokubali kufanya kazi iliyomwondolea cheo machoni pa watu wake, ili awe huru kufanya kazi aliyoitiwa. Baada ya hapo hakuna mtu aliyeweza kumtisha kwa njaa.

Tabaro akatafuta njia nyingine. Nyumba ya kusalia ilichomwa moto, na Apolo mwenyewe alipigwa vibaya. Kisha ukatokea msiba. Siku walipokuwa wakileta majani ya kuezekea, mwanamke mmoja alijikwaa akaangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali tupu, lakini walimsingizia Apolo kuwa ameua, wakamfunga minyororo na kumpeleka kwa wakuu wa serikali ng'ambo, Toro, akatiwa gerezani. Fikirini: mwalimu wa miaka miwili tu tangu ubatizo wake, mbali na kwao, anashtakiwa kwa mauaji, na watu aliokuja kuwafundisha ndio washitaki. Katika siku hizo za taabu, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe mara nyingi, alimwona Kristo akimjia kwa mwangaza kama wa jua, akimtia moyo na kumhakikishia kuwa yu pamoja naye. Hakuwahi kuibadilisha habari hiyo mpaka uzeeni.

Alifunguliwa, kwa kuwa hatia haikuonekana. Sasa angekuwa na sababu nzuri kabisa ya kuomba mahali pengine, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Akarudi Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe alikuja kuomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo halikuchaguliwa bure, maana Paulo naye alianza kwa kuwatesa.

Sasa nataka tusimame katika mwaka 1900, kwa sababu ndipo swali la yule kijana linapojibiwa au linapozidi kuwa gumu. Tarehe 10 Machi mwaka huo wakuu wa Buganda walitia sahihi mkataba na serikali ya Kiingereza. Kabaka alikuwa mtoto mdogo, na nchi ilishikwa na wakuu kwa niaba yake. Katika mkataba huo ardhi ya Buganda iligawanywa kwa maili za mraba, na watu wapatao 1,000, wakuu na wenye vyeo, waliandikiwa maili 8,000 za mraba ziwe mali yao na ya watoto wao. Ardhi ya namna hiyo Waganda wanaiita mailo hata leo, kutokana na neno maili. Wengi waliopata walikuwa Wakristo, wasomaji wa kwanza, watu wa rika moja na Apolo, waliojifunza kusoma pamoja na watu wa namna yake katika miaka ile ile. Mkuu wao wa kwanza, Katikiro Apolo Kagwa, alikuwa na jina lile lile la ubatizo. Yeye alipata mashamba makubwa, na baadaye mfalme wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Wala simsemi vibaya Kagwa. Aliandika vitabu vya historia ya watu wake kwa Kiganda, na elimu ya Uganda inamdai shukrani. Nasema tu kwamba katika mwaka mmoja, Apolo mmoja aliandikiwa maili za mraba, na Apolo mwingine, aliyekuwa mbali upande wa magharibi na jembe lake, alifanywa shemasi. Kipimo cha shamba la shemasi huyu hakikuandikwa popote. Mwaka 1903 akapewa upadre.

Na mapato yake je? Askofu Alfred Tucker, aliyeongoza Kanisa la Uganda tangu 1890 mpaka 1911, alishika jambo moja kwa nguvu sana: walimu na mapadre wenyeji watunzwe na Wakristo wenyewe, wala si kwa fedha kutoka Uingereza. Alitaka Kanisa lisimame kwa miguu yake. Nia hiyo ilikuwa njema, na ilifanya walimu wawe wengi kuliko vile fedha za kigeni zingeweza kulipia. Lakini iliwaacha watu hao na posho ndogo mno, na serikali ilipoanza kutafuta makarani na wakuu wadogo wajuao kusoma, walimu wengi waliondoka wakaenda kwenye mshahara. Walikuwa na wake na watoto. Apolo hakuwa na mke katika miaka yote ya utumishi wake, na lazima tuseme kweli kwamba jambo hilo lilimrahisishia. Hata hivyo nyumba yake haikuwa tupu. Ilijaa vijana na watoto aliowalea na kuwasomesha, na kile kidogo alichopata kiliishia kwao na kwa wageni. Waliomjua wanakubaliana kwamba kitu hakikukaa mikononi mwake.

Hapa nitasema kidogo habari zangu, kwa sababu nimeulizwa. Nilianza kufundisha mwaka 1980. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na shuleni kwetu mshahara ulipochelewa ulichelewa kweli kweli. Tuliuza maandazi wakati wa mapumziko, na sikuona haya, ingawa siku moja mzazi alinicheka mbele ya wanafunzi. Mwaka 1985 mwenzangu tuliyekaa naye nyumba moja ya walimu aliacha kazi, akaanza kununua mchele Usangu na kuuleta Mwanjelwa. Leo ana nyumba mbili za kupangisha, na ni mama mkarimu, anatoa fungu la kumi bila kusukumwa. Mwezi uliofuata nami niliandika barua ya kuacha kazi. Nikaiweka ndani ya daftari la maandalio ya masomo, ikakaa humo wiki tatu. Sikuipeleka. Ningependa kuwaambia kwamba ni kwa sababu ya wito, lakini sababu ilikuwa ndogo zaidi: darasa la saba lilikuwa linakaribia mtihani, na hapakuwa na mwalimu mwingine wa hesabu. Mtihani ulipokwisha, hasira nayo ilikuwa imepungua.

Mama aliyenipimia maharage siku ile sokoni alikuwa katika darasa hilo. Hakufaulu kwenda sekondari. Lakini alinipigia hesabu ya vipimo vitatu na nusu kichwani, pamoja na chenji, kabla jirani yake hajamaliza kubonyeza kikokotoo. Sijui kama hilo linahesabika katika vitu nilivyopata. Nililihesabu.

Tena nataka niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Maisha ya watu kama Apolo yanaweza kutumiwa vibaya. Ni rahisi kusimama mbele ya mwinjilisti mwenye watoto wanne, ambaye viatu vyake vimekwisha, na kumsimulia habari za mtakatifu aliyelima chakula chake. Apolo alichagua mwenyewe. Tabaro ndiye aliyewanyima walimu chakula. Tukiwa tunachelewesha posho za wainjilisti wetu na huku tunamsifu Apolo, tuangalie tumesimama upande gani wa habari hii. Mimi nimeandika barua kwa halmashauri ya mtaa juu ya jambo hilo mwezi Februari, na naamini itasomwa.

Turudi kwa Apolo. Miaka mingi baada ya upadrisho wake aliitumia katika Toro, akitembea kutoka kijiji hadi kijiji, akifungua vyumba vya kusomea na kuwafundisha walimu wengine. Miaka hii sina mengi ya kuieleza. Ilikuwa kazi ya kila siku, na kazi ya kila siku haina masimulizi.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipiga mistari katika ramani. Mkataba wa mwaka 1910 uliweka mpaka kati ya Uganda ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji, na mpaka ulipokuja kutiwa nguvu Mboga ikawa upande wa Kongo. Kwa Kanisa la Uganda hili lilikuwa pigo. Wabelgiji hawakuwa na sababu ya kupendelea misheni ya Kiingereza, na wapo watu wa Mboga waliohamia ng'ambo Uganda. Padre mwenye umri wa miaka hamsini, mwenye sifa njema Toro, angeweza kabisa kubaki chini ya serikali aliyoizoea. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, Apolo alirudi Mboga kukaa na watu wake wa kwanza, na hapo ndipo yalipokuwa makao yake mpaka mwisho. Kutoka hapo aliwaendea makabila ya jirani, Wahema na wengine, na mahali ambapo hakuweza kukaa aliwaachia mwalimu kijana aliyelelewa nyumbani kwake.

Mwaka 1921, akiwa na miaka hamsini na saba hivi, aliona tena maono, na safari hii aliagizwa kwenda msituni. Magharibi ya Mboga huanza msitu wa Ituri, miti mirefu isiyopitisha jua, na ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji, waliohamahama na kambi zao. Majirani wakulima walibadilishana nao nyama na asali kwa ndizi na vitu vya chuma, lakini waliwadharau, wengine hata kuwasema kana kwamba si watu kamili. Apolo aliwaendea. Hapakuwa na barabara, wala kijiji cha kujenga kanisa la matofali, wala matumaini kwamba watu wale wangeweza siku moja kulipa posho ya mwalimu. Mnajua jinsi mtaa unavyopimwa katika vikao: wanachama wangapi, sadaka kiasi gani. Kwa kipimo hicho safari za Apolo msituni zilikuwa hasara kutoka siku ya kwanza. Yeye aliketi kambini, akajifunza maneno yao, akawafundisha herufi, na katika miaka yake ya mwisho akaifasiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Akabatiza miongoni mwao. Mtu aliyeanza kwa kusoma karatasi za kupokezana pale Buganda, sasa yeye ndiye aliyetengeneza karatasi za watu wengine kusoma.

Nasahau kusema kwamba mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Nadhani yeye mwenyewe asingenikumbusha. Cheo hicho kilimpa kiti Kampala. Yeye akaendelea kukaa Mboga. Aliandika shajara yake kwa Kiganda, habari za safari, za ubatizo, za watu aliowatembelea. Nikiwa chuoni niliambiwa kwamba mwalimu asiyeandika shajara ya kazi hajui alichofanya, na tangu niliposoma habari za Apolo sikubisha tena.

Mwaka 1933 alipatwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka karibu sabini, na miguu iliyokwenda tangu Toro mpaka Ituri ilikuwa imechoka. Alitaka afie Mboga, na akafia Mboga, tarehe 30 Mei. Juu ya mazishi yake alikuwa ameacha agizo. Kwa desturi angelazwa kichwa kikielekea upande wa mashariki, upande wa kwao Buganda alikozaliwa. Yeye aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo.

Kanisa la Mboga, ambalo siku hizi huandikwa Boga, liliendelea chini ya Uganda mpaka mwaka 1972, ilipoundwa dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, nayo ikaitwa Boga-Zaire. Baadaye zikazaliwa dayosisi nyingine, na mwaka 1992 likawa jimbo zima. Wala msidhani mahali pale pamekuwa pa amani. Vita vimepita hapo mara nyingi. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile za kumbukumbu ya Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi usiku, wakaua watu zaidi ya hamsini, na maelfu wakakimbia. Tuwaombee tunapofika tarehe hiyo.

Yule kijana wetu bado hajaamua. Juzi alikuja nyumbani kunisaidia kupalilia viazi, tukazungumza habari za mjomba wake, nikamwambia wazi kwamba kuuza vipuri si dhambi, na kwamba akienda tutamwona bado kanisani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninayo bado ile barua ya mwaka 1985. Ninayo. Aliomba aisome, nikampa, akaisoma amesimama kwenye matuta, jembe likiwa begani.